Shangazi, pesa zangu zinaisha tarehe 21

Barua tatu za safari hii zimetoka kwa vijana walio katika mwaka wa kwanza au wa pili kazini. Kwa kuwa mishahara haifanani, nimewaomba wote wanigeuzie hesabu zao: mshahara unaofika mkononi baada ya makato tuuite 100, na kila kinachotoka kiwe kipande cha hiyo 100. Nawe unayesoma weka mshahara wako hapohapo, uone unafikia wapi.

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24 na huu ni mwezi wangu wa saba katika kazi yangu ya kwanza. Sinywi, sivuti, sina makuu. Bajeti nimeiandika na kuibandika ukutani: kodi ya chumba 35, chakula 25, wazazi 15, nauli 12, simu na intaneti 5. Jumla 92. Ingebaki 8, lakini hiyo 8 sijawahi kuiona. Kaka yangu alinipa 20 za kuanzia maisha, zikaisha ndani ya miezi minne. Mwezi wa tano pesa ziliisha tarehe 27, nikakopa 5 kwa riba ya moja ya kumi kwa mwezi. Mwezi wa sita ziliisha tarehe 24, nikakopa 10 na nusu. Mwezi huu zimeisha tarehe 21 na nimekopa 16 na nusu. Maisha yangu hayajabadilika, mbona deni linakua? Mama anasema mshahara wangu hauna baraka. Mimi najiona mjinga tu. Nipunguze nini?

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikushukuru kwa kuniandikia tarehe. Watu wengi huniambia tu kwamba pesa haziwatoshi, na hapo sina pa kushika. Wewe umenipa 27, 24, 21, na ndani ya tarehe hizo tatu mna jibu lako karibu lote.

Kabla sijajibu nilimrudishia swali moja. Nilimwomba afungue kumbukumbu za malipo kwenye simu yake, miezi yote saba, aniandikie kila kilichotoka ambacho hakimo kwenye ile karatasi ya ukutani. Nilimwomba pia asijitetee wala asijilaumu, aandike tu. Baada ya siku mbili alinijibu hivi: godoro 14, jino 14, ada ya mtihani ya mdogo wake 16, kioo cha simu 11, nguo mbili za kazini 10, viatu 9, safari ya kwenda kumwona mama alipougua 9, zawadi na michango ya wenzake ofisini 8.

Jumlisha. Ni 91. Gawanya kwa miezi saba, unapata 13.

Kwa hiyo maisha yako, mwanangu, hayagharimu 92. Yanagharimu 105, na mshahara ni 100. Ile 20 ya kaka yako iliziba pengo la 5 kwa miezi minne kamili, ndiyo maana hukuhisi kitu. Mwezi wa tano pengo likabaki wazi, ukakopa 5. Mwezi wa sita ukaanza kwa kurudisha 5 na nusu, ukabakiwa na 94 na nusu kwa ajili ya maisha ya 105, ukakopa 10 na nusu. Mwezi wa saba ukarudisha 11 na ushei, ukakopa 16 na nusu. Hukuongeza starehe yoyote. Pengo ni lilelile la 5 kila mwezi, ila sasa linabebana na mapengo ya nyuma na riba yake. Ukiendelea hivi bila kubadilisha lolote, mwezi wa 12 utakuwa unakopa 57, zaidi ya nusu ya mshahara, na bado utakuwa unaishi kwenye chumba kilekile ukivaa viatu vilevile.

Nimekaa kwenye meza ya mishahara miaka 14. Kazi yangu ilikuwa kuandaa malipo na kupokea fomu za wanaoomba sehemu ya mshahara kabla ya wakati. Waliokuja walikuwa walewale. Nilizoea kuona saini zao kiasi kwamba ningeweza kuzitambua bila kusoma jina. Na sababu walizoandika kwenye ile fomu hazikuwa anasa: viatu vya mtoto, jino, miwani, kodi ya miezi kadhaa inayodaiwa kwa pamoja, cheti kinachotakiwa kulipiwa upya. Kila mmoja aliandika neno moja, «dharura». Miaka ikapita nikaanza kujiuliza, dharura gani hii inayokuja kila mwezi kwa jina jingine? Viatu huchakaa, na meno nayo yanajulikana huuma. Tunajua kabisa kwamba vitu hivi vitakuja, hatujui tu vitakuja lini, na kwa sababu havina tarehe tunaviacha nje ya bajeti.

Utaniambia godoro halinunuliwi kila mwaka. Kweli. Lakini mwaka ujao nafasi ya godoro itachukuliwa na meza, au miwani, au mfuko wa kazini uliokatika mkanda. Kitu kinabadilika, ila 13 inabaki 13 au karibu yake, na kwa anayeanza maisha aghalabu huwa kubwa zaidi kwa sababu hana kitu hata kimoja alichokikuta.

Nami niliwahi kuwa upande wa pili wa meza hiyo. Mwezi wangu wa nne kazini niliomba sehemu ya mshahara mapema ili ninunue koti na viatu, kwa kuwa nilivyokuwa navyo viliniaibisha mbele za watu. Ilikuwa robo ya mshahara. Mwezi uliofuata nikapokea robo tatu, na robo tatu haikutosha, nikaomba tena. Nilitoka kwenye mzunguko huo baada ya miezi 11, na nilitoka tu kwa sababu nilihamia kwa binamu yangu. Sikuwa mlevi wala mpenda mavazi. Nilikuwa na koti moja.

Ndiyo maana sitakuambia uanze na kupunguza soda au vocha. Umeandika chakula 25 na intaneti 5. Ukibana chakula hadi 23 utashinda na njaa mezani kwako, na pengo litabaki 3. Nimewaona watu wakijibana mwaka mzima katika vitu vidogo, wakachoka, wakaja kulipuka siku moja na kutumia vyote. Mtu mwenye kipato kidogo hana mafuta ya kupunguza kwenye vidogo. Tazama kikubwa. Kikubwa chako ni kodi, 35.

Katika barua yako ya pili uliniambia kwamba mwenzako wa kazini amekuomba mara mbili mshirikiane nyumba, na kwamba fungu lako lingekuwa 23. Ulikataa kwa sababu umelala chumba kimoja na ndugu zako tangu utotoni, na mlango wa kwako peke yako ulikuwa ndoto yako. Mwanangu, nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nakuelewa kabisa, na sisemi kwamba ndoto hiyo ni ndogo. Nasema mlango huo kwa sasa unaulipia kwa riba. Ukihamia huko, maisha yako ya 105 yanakuwa 93. Siku ya mshahara ujao utarudisha 18 na ushei, utapungukiwa, utakopa 11. Unaofuata utakopa 5. Wa tatu hutakopa. Kuhama nako kuna gharama zake. Tuseme zikifika 6, basi ongeza mwezi mmoja. Miezi minne na deni limekwisha, kisha 7 inabaki mkononi kila mwezi. Mkae mwaka, halafu uutafute tena mlango wako ukiwa na akiba ya kuuingilia.

Kuhusu 15 ya wazazi sitakuamulia. Hilo ni lako na lao. Ila nakuomba ufanye jambo moja: waoneshe hesabu. Mama anayesema mshahara hauna baraka hajawahi kuona karatasi yenye 105 upande mmoja na 100 upande wa pili. Wazazi wengi hudhani mtoto aliyeajiriwa ana zaidi ya alichonacho, na mtoto naye huona haya kuwaambia. Ukimwonesha, huenda akasema mwenyewe: mwaka huu tupe 10. Huenda asiseme. Lakini atakuwa anajua, na hutakuwa unalibeba peke yako.

Siku mshahara unapoingia, kabla hujalipa kitu kingine zaidi ya deni na kodi, toa 13 uiweke mahali pengine: akaunti ya pili, au mkoba wa pili wa simu usiolipia chochote kila siku. Ipe jina, «vitu visivyo na tarehe». Siyo akiba. Ni matumizi ambayo bado hayajafika. Viatu vikichanika unatoa humo bila kujilaumu, maana ndiyo kazi yake. Miezi ya mwanzo, kabla deni halijaisha, 13 nzima haitapatikana, na jino linaweza kuuma kabla mkoba haujajaa. Weka unachoweza, hata 4. Kitakachoingia humo ni pungufu ya utakachokopa.

Na neno la mwisho kwako ni kuhusu ujinga uliojitajia. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata fedha zake wakati wa mavuno, kwa hiyo miezi ya kabla ya mavuno huwa na dhiki na baada yake huwa na nafuu. Waliwapa wakulima walewale majaribio ya kufikiri nyakati zote mbili. Walipokuwa na dhiki walifanya vibaya, walipokuwa na nafuu wakafanya vizuri. Mtu yuleyule, akili ileile. Hivyo usifanye uamuzi wowote wa fedha tarehe 21. Siku hiyo kichwa chako chote kinawaza chakula cha kesho na nani utampigia simu. Fanya maamuzi tarehe 2, umekula, umelala, umetulia: uhame au usihame, umwambie nini mama, mkoba wa pili uweke kiasi gani. Yaandike. Ikifika tarehe 21 wewe fuata tu ulichoandika.

Shangazi, nina miezi 14 kazini. Nimesoma kwamba kila mtu anapaswa kutenga 20 kati ya 100 kama akiba. Nimejaribu mara tatu. Tarehe 1 natenga 20, tarehe 15 naanza kuchota, mwisho wa mwezi imebaki sifuri na nauli ya kuungaunga. Nimekata tamaa kabisa. Je, nitumie programu ya simu au daftari?

Huo mgao ulioufuata unajulikana: 50 ya mahitaji, 30 ya matakwa, 20 ya akiba na kulipa madeni. Ulienea kutoka Marekani mwaka 2005 kupitia kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia. Ni mgao mzuri kwa anayeweza kuishi kwa 50. Wewe umenitumia hesabu zako: kodi, chakula, nauli na dawa za baba peke yake ni 83. Hukushindwa nidhamu, mwanangu. Ulitenga 20 kutoka kwenye 17.

Jambo hili si geni. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alichambua hesabu za familia za Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia ilivyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake ilivyokwenda kwenye chakula. Tumbo halipungui kwa kuwa mshahara ni mdogo. Kwa hiyo mgao wa asilimia uliopimwa kwa mwenye kipato cha kati hauwezi kumkaa anayeanza, kama vile shati la mtu mzima lisivyomkaa mtoto. Akikua litamkaa.

Anza na 3. Najua inaonekana kidogo mno baada ya kuota 20, na ndiyo maana watu hawaitaki. Lakini 3 ambayo hukuigusa kwa miezi mitano ni 15, na 15 inalipa jino la msomaji wangu wa kwanza na chenji inabaki. Lengo lako la kwanza lisiwe asilimia. Liwe kitu kimoja kinachoweza kukuangusha mwaka huu, na bei yake. Kikilipika bila kukopa, chagua kingine kikubwa zaidi. Na siku utakapoongezewa mshahara, amua kabla nyongeza haijaingia: nusu ya nyongeza iende kwenye akiba, nusu uile kwa furaha. Ukipanda kutoka 100 hadi 108, 4 hiyo hutaikosa, maana hukuwahi kuizoea. Ukisubiri miezi miwili nyongeza yote itakuwa imepata kazi.

Kuhusu daftari au programu, tumia utakachokifungua. Mimi ni mtu wa daftari na nitakueleza kwa nini. Mwaka 1904 mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha kitabu cha hesabu za nyumbani cha kujazwa kwa mkono, kinachoitwa kakeibo, na Wajapani wanatumia vitabu vya aina hiyo hadi leo. Kuandika kwa mkono kunakuchelewesha. Unapoandika tarakimu kwa kalamu unakumbuka ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa umechoka kiasi gani. Programu inakuletea mchoro mzuri wa rangi, lakini haikuulizi. Ila kama wewe daftari utalisahau kwenye droo, basi mchoro wa rangi ni bora mara mia.

Jambo dogo ambalo watu husahau: mwezi si wiki nne. Wiki nne mara 12 ni wiki 48, na mwaka una 52. Ukipanga chakula na nauli kwa wiki halafu ukazidisha kwa nne, unajidanganya wiki nne nzima kila mwaka. Zidisha kwa 52, kisha gawanya kwa 12. Kwa hesabu zako, nauli uliyoiandika 12 ni 13 kamili.

Shangazi, salamu. Mwenzangu ofisini, rafiki wa kweli aliyenifundisha kazi, anachukua mkopo wa mara tatu ya mshahara wangu, wa miezi 24. Ameniomba nitie saini kama mdhamini. Anasema ni taratibu tu. Nimeajiriwa juzi, sitaki kuonekana mtu mbaya. Nimjibu nini?

Mjibu hapana, na umjibu leo.

Udhamini si taratibu. Saini yako inamwambia mkopeshaji hivi: huyu akishindwa, nidai mimi. Akiacha kazi, akiugua, akihama, salio na riba yake vinakujia wewe, na aghalabu hakuna atakayekuuliza kama ulikula hata senti moja ya mkopo huo. Kabla ya kumdhamini mtu jiulize tu kama ungeweza kulipa mkopo wote wewe mwenyewe bila kuanguka. Wewe umeajiriwa juzi na deni ni 300. Ungelipa 12 na nusu kila mwezi kwa miezi yote 24, na hapo hatujaweka riba.

Ninaposema hivi simsemi vibaya rafiki yako. Huenda ni mwaminifu kuliko sisi sote. Lakini pale mezani kwangu nilipokea barua za kukata mishahara ya wadhamini, na karibu kila mara aliyedhaminiwa alikuwa mtu mwema aliyepatwa na jambo. Wadhamini hao walikuja kwangu kuuliza kama kuna namna ya kuzuia makato. Ilikuwa ni mshahara wao, na sikuwa na la kufanya.

Usimtungie uongo, kwamba umekatazwa nyumbani au tayari umemdhamini mwingine. Mwambie: «Kaka, umenifundisha kazi na sijasahau. Nimepiga hesabu, mkopo huu ukija kwangu siwezi kuulipa, kwa hiyo siwezi kutia saini. Kama kuna msaada mwingine wa kiasi ninachokiweza, niambie.» Kisha nyamaza, usijaze maneno. Kama anataka, kaeni naye muipitie ile fomu pamoja: riba ni ngapi, marejesho ya mwezi ni kiasi gani, kuna makato gani ya awali, na kama mkopo mdogo zaidi usiohitaji mdhamini ungemtosha. Mwambie mapema kabla hajawasilisha fomu, ili awe na muda wa kutafuta mtu mwenye uwezo.